Fishi inasema "stasionere", na mama haendi tena Kadutu

Ilikuwa siku ya posho asubuhi, mama amekaa ku kiti kifupi mbele ya mbabula, maharagi iko inachemka, mimi niko nyuma ya nyumba nafua, na njo nikasikia harufu. Harufu ya ngozi inaungua. Nilifikiri ni jirani anachoma manyoya ya kuku. Nikakuja na povu ku mikono, nikamukuta mama anachambua lengalenga, ananihadisia mambo ya ndoa fulani ya mu Shirika (jumuiya ya wakristu ya mutaa yetu), na chini ya kisigino chake kuna kaa la moto lenye lilianguka toka mu mbabula. Amelikanyaga kabisa. Moshi kidogo inatoka, na yeye anaendelea kuongea.

Nikapiga kelele "Mama, muguu!" Akaangalia chini polepole, kama mutu anaangalia muguu ya mwingine.

Mama ako na ugonjwa wa sukari miaka mingi sasa, na huu wa miguu njo matunda yake, mu kifaransa wanaitaka neropati. Sukari ikikaa juu mu damu muda murefu inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanzia ku vidole vya miguu juu mishipa inayofika kule njo mirefu kupita yote, alafu inapanda polepole kama vile mutu anavaa soksi. Kuna njia zingine pia za kuupata, pombe nyingi, kukosa vitamini B12, virusi vya ukimwi, ukoma, hata dawa moja ya kifua kikuu, izoniazidi, kama haukupewa vitamini B6 pamoja nayo. Lakini sukari njo inaongoza. Na kitu chenye watu wanashindwaka kuelewa ni hiki: muguu uleule wenye haukusikia kaa la moto, usiku njo unawaka mpaka mama hawezi kuvumilia shuka kuugusa. Jirani mumoja aliniuliza, kama hausikii, unauma namna gani? Nilimuelezea kwamba mishipa yenye ilikufa haileti tena habari ya inje, na yenye iliharibika bila kufa inajitumia habari za uongo yenyewe, moto penye hakuna moto. Alitingisha kichwa tu. Sijue kama aliniamini.

Kidonda cha kisigino kilikamata wiki saba kufunga. Siku ya randevu dokta aliangalia, kimekauka muzuri, sukari imeshuka, akachukua kale kauzi ka plastike, kale kanakunjika ukisukuma na nguvu ya gramu 10, akagusa chini ya muguu hapa na pale, mama amefunga macho, "unasikia?" "hapana", "hapa?" "hapana". Akapiga ile uma ya chuma yenye inatetemeka mara 128 kwa sekonde, akaiweka ku kidole gumba. Hapana. Sawa na mwaka uliopita. Akaandika ku fishi, ile karatasi ya mugonjwa: etat stasionere. Hali haijabadilika.

Siko namulaumu dokta. Vile alipima, ni kweli, haikubadilika. Na mimi mwenyewe niko infirmie (muuguzi) mu santre ya afya moja huku Bukavu, na nimeandika hiyo neno ku fishi za watu mara sijue ngapi. Lakini ile siku tulipanda nyumbani na mama, anakamata mukono yangu na anaangalia kila jiwe, nikaanza kuhesabu mu kichwa. Mwaka jana alikuwa anaenda soko ya Kadutu mwenyewe. Sasa anatuma mutoto wa dada yangu. Mwaka jana alikuwa anapanda moto (pikipiki) mpaka Nyawera, sasa hapana, anaogopa juu muguu hausikii penye umekanyaga na unaweza kuegemea eshapma, ile bomba ya moshi, mpaka uungue bila yeye kujua. Kamambili (sandali) hawezi tena kuvaa, inatoka ku muguu yeye anaendelea kutembea peku bila kujua. Mu misa ya kwanza haendi tena, juu saa hiyo giza haijaisha na yeye bila kuona chini anaanguka. Hii ya giza ni muhimu, nitairudilia. Usiku analala pengine masaa matatu tu. Na mualiko ya harusi ikikuja anasema "muende nyinyi."

Hiyo yote njo "stasionere"?

Njo maana nilianza kutafuta, wenye kusoma mambo haya wanapima maisha namna gani. Sitaki kusema sukari, nasema maisha. Na kumbe wanapima, tena tangu zamani. Nilipata ile inaitwa SF-36, ilitokea Marekani mu 1992, maswali 36, inatoa pwa (alama) kuanzia 0 mpaka 100 ku mambo nane, nguvu ya mwili, maumivu, uchangamfu, kuonana na watu na kuendelea. Kuna EQ-5D ya kikundi cha Ulaya chenye kilianza mu 1987, hiyo ni fupi sana, maswali tano tu: kutembea, kujihudumia, kazi zako za kila siku, maumivu, wasiwasi na huzuni, alafu unaonyesha afya yako ya leo ku mustari kama ule wa termometre, chini 0, juu 100. Na Shirika la Afya Duniani iko na yao, WHOQOL-BREF, maswali 26. Nilifurahi sana, nakumbuka nilisema sasa fishi ya mama itaongea.

Nikachukua ile ya 36 nikakaa na mama ku baraza, namutafsiria mu Kiswahili chetu. Tukafika ku swali la kazi za nguvu ya katikati. Linasema hivi, je afya yako inakuzuia kusukuma meza, kusukuma mashini ya kufyonza vumbi, kucheza bolingi, ao kucheza gofu.

"Gofu ni nini?"

Nikamuelezea, kampira kadogo, fimbo, majani mengi.

"Na wazee njo wanafanya hiyo?"

"Njo mama, kwao wazee wanafanya."

Akafikiri kidogo akasema, "Uandike ile ya meza. Meza naweza kusukuma." Na ni kweli swali linamuachia hiyo nafasi, lakini mama hajasukuma meza tangu atuzae. Kazi yake ya nguvu ya katikati ni kubeba bido ya litre 20 toka ku borne (bomba ya maji ya watu wote) mpaka nyumbani, ni kusonga bugali ya watu nane, ni kuinama kufagia kiwanja. Swali lingine, unaweza kupanda ngazi za etaji moja? Za etaji nyingi? Sisi nyumba yetu haina etaji, lakini ukitoka barabarani kufika kwetu Cimpunda kuna ngazi zenye watu walichimba mu udongo, na mvua ikinyesha inaosha zote, kesho yake zinachimbwa upya penye kila mutu anapenda. Ni etaji ngapi hiyo? Mama alisema "nyingi" na mimi nikaandika nyingi, lakini nilijua niko naandika kitu kingine kabisa na chenye mutu wa Boston ataandika ku musitari uleule.

Najua kuna tafsiri ya Kiswahili ya hiyo SF-36, ilifanyiwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 90, na kazi ya kutafsiri karatasi kama hii si ya muchezo. Mutu anatafsiri kwenda, mwingine mwenye hajaona ya kwanza anatafsiri kurudi, wanalinganisha, alafu wanakaa na wagonjwa kuwauliza "wewe hapa ulielewa nini?" Hii ya mwisho njo naona ya maana kupita yote. Juu Kiswahili cha Dar na chetu ni ndugu lakini hawakukulia nyumba moja. Mu santre kwetu mugonjwa hasemi "ganzi", anasema "miguu imekufa". Ile ya kuchomachoma anasema "siafu zinatembea". Na ile ya kuwaka, mama mumoja aliniambia kitu chenye sitasahau, alisema "dada, muguu yangu inafanya pilipili". Karatasi ya wafaransa ya DN4, yenye inasaidia kujua kama maumivu inatoka ku mishipa, inauliza juu ya kuwaka, baridi yenye inauma, shoti ya umeme, kuwashwa, kuchomwa na shindano, na zingine, na ukifika 4 ku 10 inasema ndiyo, hii ni ya mishipa. Pilipili haiko ndani. Lakini mutu akikuambia pilipili, wewe infirmie unajua mara moja ni ya kwanza ku ile liste, na usimuache aende na parasetamol tu.

Turudi ku ule mustari wa 0 mpaka 100. Nilimuuliza mama asubuhi saa mbili, ametoka kuoga, jua limetoka. Akaweka kidole ku 80. Nikashangaa. Mama, 80? "Mungu ameniamusha, naona, nakula, niko na watoto. 80." Usiku saa tatu nikamurudilia, tulikuwa mu chumba, amepanga mito miwili ili shuka isiguse vidole. Akaweka ku 40. Siku moja, mutu mumoja. Na karatasi inasema "afya yako ya leo". Sasa kwa mutu wa ugonjwa wa mishipa, leo ni saa ngapi? Konsultasio zote zinafanyika asubuhi! Sisi tunawakutaka mu saa yao ya muzuri, wamevaa kitenge ya kutokea, wamepaka mafuta, tunauliza "uko aje" wanasema "niko muzuri", na huku kwetu kujibu vingine mbele ya mutu mwenye unaheshimu ni kama kumulalamikia Mungu.

Na kuna kitu kingine ndani ya ile 80, sikutaka kukisukuma haraka. Wachunguzi waliona tangu zamani kwamba mutu akikaa na ugonjwa muda, kipimo chenyewe mu kichwa chake kinahama. Mwanzoni 100 ilikuwa kwenda Kadutu na kurudi na kitunga. Sasa 100 ni kulala usiku muzima. Hadanganyi, amejipanga upya ili aweze kuishi, na hiyo ni nguvu, nisiitoe. Lakini ukilinganisha 80 ya mwaka huu na 80 ya mwaka ule utasema hakukuwa kitu. Kuna namna moja wanafanyaka, unamuuliza arudilie nyuma na macho ya leo: ile mwaka ulikuwa unaenda soko mwenyewe, leo ungeipa ngapi? Mama alisema "ile? Ile ilikuwa 100 na zaidi, miye sikuijua tu." Alafu akanyamaza. Na mimi pia.

Nilifanya pia kitu kingine chenye kilinifundisha. Kabla ya kumuuliza, nilijaza karatasi yangu juu yake, vile mimi namuona. Maumivu niliweka juu sana, huzuni juu sana. Yake ilikuwa tofauti kabisa. Maumivu aliweka katikati. Chenye aliweka juu, na alikirudilia mara mbili, ni kutumikiwa. Kwamba mugeni anaingia na yeye hawezi kusimama kumuletea maji. Kwamba kikao cha Shirika kikizunguka, nyumba yetu njo wanakuja kila mara juu yeye hawezi kwenda kwa wengine, na anaona ni kama anawadai. Mimi niko naishi naye nyumba moja, ni infirmie, na hiyo sikuijua. Kwa hiyo wandugu, wale munajibia wazee wenu mbele ya dokta (na tunafanyaka sana, tunawakatiza maneno), muache kwanza wao waseme.

Ile ya WHOQOL-BREF njo niliipenda zaidi kwa sehemu moja, inauliza juu ya mazingira pia, kama uko na franga za kutosha, kama unapata transpor, penye unaishi, usalama. Walisema tangu mwanzo kwamba ubora wa maisha ni vile mutu mwenyewe anaona nafasi yake mu maisha, mu mila na mu mambo yenye watu wa kwao wanathamini, kufuatana na malengo yake na mahangaiko yake. Ku swali la usalama mama aliangalia inje, hakujibu. Na mimi sikuuliza tena. Mwenye ako Bukavu anaelewa.

Lakini hakuna hata moja yenye iliuliza juu ya umeme. Nilisema nitarudilia giza, njo hapa. Mutu mwenye miguu yake haileti habari, hajue muguu iko wapi bila kuangalia. Macho njo yanamushikilia. Ndiyo maana dokta anakusimamishaka miguu pamoja na kukuambia ufunge macho, kama unayumba anajua. Sasa umeme ikikatika saa moja jioni, mwingine anatafuta tu torshi, lakini mama ni kama wamemukata miguu. Ameanguka mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa umeme imeenda. Kama mutu wa huku angeandika hizo karatasi, swali la kwanza lingekuwa: umeme ikikatika, unakuwa wapi na unafanya nini?

Kuna karatasi za magonjwa ya mishipa peke yake, na moja njo iligusa moyo wangu, inaitwa I-RODS, ya 2011, iliandikwa kwa wagonjwa wenye mwili unashambulia mishipa yake wenyewe, si kwa wa sukari, kwa hiyo pwa zake siwezi kuzitumia kwa mama na kusema ni kipimo. Lakini nilipenda vile imejengwa. Kazi 24 za kila siku, zimepangwa kama ngazi toka nyepesi mpaka nguvu, kuna kusoma jarida, kula, kusugua meno, kufungua na ufunguo, mpaka kule juu kusimama muda murefu, kucheza dansi, kukimbia. Kila moja unaweka 0 kama haiwezekani, 1 kama inawezekana na taabu, 2 kama hakuna taabu. Hesabu yake inatokana na mutu wa Danimarki, Georg Rasch, na wazo ni kwamba mwenye anaweza kazi ya juu ku ngazi, za chini pia anaziweza, kwa hiyo ukijua penye alisimama unajua yuko wapi, na mwaka ujao utaona kama amepanda ao ameshuka hata kama ni kidaraja kimoja. Kidaraja kimoja! Ile yenye neno "stasionere" inakulaka.

Basi mimi na mama tukajiandikia ya kwetu mu kaye (daftari). Si ya sayansi, najua, hakuna mutu ameipima kwa watu mia tatu. Kuna moja ya kutengeneza sandwishi mu ile 24, sisi tukaweka kusonga bugali. Tukaweka kwenda ku borne bila bido, na bido ya tano, na bido ya 20. Kushuka mpaka barabara wakati wa jua, wakati wa mvua. Kupiga magoti mu misa na kusimama bila kushika benchi. Kuvaa kamambili. Kumupelekea mugeni maji. Kulala na shuka. Na kucheza, mama mwenyewe alisema hiyo ibakie, "usiitoe". Tunaijaza mara moja kwa mwezi, usiku, yeye anasema mimi naandika.

Randevu yenye ilifuata nilimupa dokta ile kaye. Aliisoma yote, kusema kweli alisoma polepole, akarudia ukurasa wa kulala. Akamuanzishia amitriptilini kidogo usiku (musiende kuinunua tu ku farmasi wenyewe, kwa wazee inaweza kusumbua moyo na mukojo, ni dokta njo anaangalia). Miezi miwili baadaye, kauzi ka gramu 10 hasikii. Uma ya 128 hasikii. Sukari ileile. Lakini kulala ilitoka 0 ikafika 1, na kwenda barabarani wakati wa jua ikafika 1, juu mutu mwenye amelala anaweza kutembea. Alienda kikao cha Shirika kwa mama mwingine, avenue ya chini yetu, mara ya kwanza tangu mwaka na nusu, na alibeba maandazi.

Wiki iliyopita tulikuwa na harusi ya binamu. Mama alikuja, tulimuweka kiti karibu na ukuta. Wakati wa kuingiza zawadi, wamama wa familia wanapita wanacheza na vitenge ku mikono, alisimama. Mukono moja ku ukuta. Miguu haikusogea hata kidogo, ni mabega tu, na kichwa, na ule mukono mwingine unazungusha kitambaa, nyimbo yote mpaka mwisho.

Usiku nilifungua kaye. Ku mustari wa kucheza nilikuwa nimeshaanza kuandika 0, juu mu kichwa changu kucheza ni miguu. Mama alikuwa ameshalala upande, nilifikiri amesinzia.

"Umeandika ngapi ku dansi?"

Nikamuambia.

"Futa. Andika moja."